Mzinga Nyuma ya Stoo ya Maturubai

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo nimejiunga na kikundi cha wafuga nyuki. Sababu naiandika hapa tu: Bujiku. Bujiku ni jirani yangu hapa Malambo, mwalimu mstaafu, na tangu ajiunge mwaka jana watu wanamwita mtaalamu hata kanisani. Jumapili iliyopita paroko alimtaja kwenye matangazo. Mimi nimekodisha maturubai, viti na spika kwa parokia hii miaka kumi na minne. Sijawahi kutajwa, isipokuwa siku turubai lilipoanguka.

Elizabeth, mke wangu, hakupinga. Alisema Kwaresima inaanza Jumatano, harusi hakuna, na mume mwenye nyuki ni afadhali kuliko mume mwenye mawazo.

Mwenyekiti ni Veronica, mjane wa Nyangokolwa, anayefuga kwenye ngitili ya ukoo wao, lile eneo la malisho lisilokatwa miti. Haongei sana. Aligawa mizinga ya mbao, mmoja kwa kila mwanachama mpya, na kipande cha nta cha kupaka ndani. Akasema tutundike mbali na nyumba, karibu na maji na migunga, tupake nta, kisha tusubiri. Nikauliza baada ya kusubiri tunafanya nini. Akasema tunaendelea kusubiri.

Bujiku ni katibu. Alisoma tangazo: mwezi wa tano atakuja afisa nyuki kukagua, na mwanachama mwenye kundi zuri kuliko wote atakwenda Tabora siku kumi kwa mafunzo. Alisoma polepole, kama mtu anayejua tayari jina litakaloandikwa.

Nimeamua kwenda Tabora.

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimetundika mzinga. Siyo mbali na nyumba. Nimeuweka nyuma ya stoo ya maturubai, kwenye mti wa mwarobaini, ili niweze kuuangalia nikiwa nimekaa. Veronica anafuga kizamani.

Nta sikuipaka. Mtu yeyote anapaka nta. Nimetengeneza mchanganyiko wangu: asali ya dukani, soda ya nanasi, na mafuta ya Elizabeth ya kujipaka yenye harufu ya waridi. Nimepaka ndani, nje na kwenye kamba. Harufu inafika barabarani.

Nta yenyewe nimeificha. Bujiku ana tabia ya kupita hapa na kuchungulia, na sitaki ajue kwamba sikuitumia. Nimeitumbukiza kwenye tundu la nyuma la ile spika kubwa iliyokufa, ndani ya stoo, kisha nikafunga stoo kwa kufuli. Hakuna atakayeifungua mpaka Pasaka.

Elizabeth ameuliza mafuta yake yamekwenda wapi. Nimesema joto la mwaka huu linakausha vitu.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Hali ya mzinga baada ya wiki mbili: sisimizi wengi sana, manyigu wawili, mjusi mmoja. Nyuki hakuna. Nyuki ninawaona. Kila asubuhi wanapita juu ya mzinga wangu bila hata kupunguza mwendo, kama watu wanaopita duka lisilo na bidhaa, halafu wanapotelea upande wa paa la stoo. Ni wa Bujiku, naamini. Mzinga wake uko mwisho wa shamba lake la mahindi, upande huohuo.

Leo kwenye mkutano kila mtu alitoa taarifa. Bujiku alisema nyuki wake wameanza kujenga masega. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimekusudia kusema ukweli. Nikasema wangu wameingia tangu Jumatatu, kundi kubwa.

Veronica aliuliza wanatoa sauti gani. Nikasema sauti ya watu walioridhika. Aliniangalia kwa muda, kisha akaenda kuchochea moto wa chai.

Bujiku ameandika kwenye muhtasari: "Ndugu Mwandu, kundi kubwa." Kwa hiyo sasa ni jambo rasmi.

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Siku mbaya kidogo.

Bujiku alituma ujumbe jana kwamba leo jioni atapita kuona nyuki wangu, kama katibu. Nikaona njia moja tu. Leo asubuhi nilivuka hadi shambani kwake, nikajibanza kwenye mahindi karibu na mzinga wake, nikawarekodi nyuki wake kwa simu. Dakika nane. Waliniuma mara mbili, moja kwenye mdomo wa juu. Sikupiga kelele. Elizabeth nimemwambia ni jino.

Saa kumi na moja Bujiku alipokuja, simu ilikuwa ndani ya mzinga, inalia kwa sauti ya wastani. Nikamwambia asifungue kwa sababu wana hasira, ila anaweza kusogeza sikio. Akasogeza sikio. Akasikiliza. Akatabasamu hata, na kusema kweli ni kundi kubwa.

Nilipaswa kumwondoa hapo. Badala yake nilimwacha aendelee kufurahi, kwa sababu sijawahi kumwona Bujiku akifurahia kitu changu.

Kumbe asubuhi ile, wakati ninarekodi, Bujiku alikuwa uani kwake. Mimi sikumsikia, nilikuwa nimeshika mdomo. Simu ilimsikia. Katikati ya mvumo wa nyuki ikatoka sauti yake mwenyewe, mbali kidogo lakini safi, ikimwambia mke wake: "Mama Sayi, huyu kuku ana nini leo?"

Bujiku aliondoa sikio taratibu. Akautazama mzinga, akautazama mdomo wangu ulivyovimba.

"Mwandu," akasema, "nyuki wako wananifahamu."

Nikasema nyuki ni viumbe wa ajabu. Akakubali. Akaaga kwa adabu zote na kwenda zake. Hilo ndilo linalonisumbua, ile adabu.

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama mkwe amefika kutoka Lalago kwa ajili ya Pasaka. Jina lake Ng'washi. Kwa heshima ya ukwe hatusemezani ana kwa ana, miaka ishirini na miwili sasa. Akiwa na neno anamwambia Elizabeth, na Elizabeth ananiambia mimi, ingawa wote tuko sebule moja. Mimi namsalimia kwa Kisukuma, mwadila mayu, nikiwa nimeangalia mlango, naye anauitikia ukuta. Tunapatana vizuri sana.

Leo baada ya chakula alimwuliza Elizabeth kwa nini mzinga uko kwenye mwarobaini na nyuki wako sehemu nyingine. Elizabeth akanifikishia. Nikamjibu Elizabeth kwamba nyuki bado hawajafika. Mama mkwe akamwambia Elizabeth kwamba wamefika, anawasikia tangu asubuhi alipokwenda kuanika kanga zake nyuma, wanavuma humo humo ndani ya boma, na marehemu mume wake alikuwa na mizinga ya magogo kumi na moja, kwa hiyo hawezi kuchanganya nyuki na kitu kingine.

Nikamwambia Elizabeth amwambie mama kwamba kule nyuma kuna mashine ya kusaga ya jirani. Mama mkwe akamwambia Elizabeth kwamba mashine ya kusaga hailambi maji kwenye beseni la nguo.

Sikuelewa maana yake. Ana umri mkubwa.

Ijumaa, 25 Aprili 2025

Kazi imerudi. Kesho, sikukuu ya Muungano, ni sendofu ya Sayi, sherehe ya kumuaga binti wa Bujiku anayeolewa, na Bujiku amekodi kwangu. Najua hakutaka. Mke wake ndiye aliyesema jirani hapitwi. Maturubai matatu, viti mia mbili, spika nne.

Tatizo: spika zangu nzima ni tatu. Nilipanga kuazima ya nne, nikasahau. Suluhisho: ile kubwa iliyokufa. Ikikaa upande wa kushoto, imefunikwa kitambaa cheupe, nani atajua? Spika tatu zinasikika sawa na nne. Watu wanasikiliza kwa macho.

Tumepakia jioni, mimi na dereva wa guta, ile pikipiki ya mizigo, giza likianza kuingia stoo. Spika ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka. Umri, labda wangu. Tundu la nyuma lilikuwa limezungukwa na nzi wachache na uchafu wa rangi ya kahawia, likaonekana vibaya, nikaliziba kwa utepe wa gundi, tabaka mbili. Njiani dereva akasema hii spika inanguruma. Nikamwambia haijaunganishwa popote, haiwezi kunguruma. Akasema lakini inanguruma. Nikaweka mkono. Kweli, kwa mbali. Nadhani ni umeme uliobaki.

Jumapili, 27 Aprili 2025

Jana sikuandika. Vidole vilikuwa havikunjiki. Naandika leo kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Mpaka saa nane mambo yalikuwa mazuri. Bibi harusi aliingia vizuri. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele na kanga yake mpya. Spika tatu ziliimba kwa niaba ya nne. Halafu Bujiku akasimama kumuaga binti yake.

Alizungumza vizuri, lazima niandike. Alisema Sayi alipokuwa mdogo alikuwa anamfuata shuleni na kukaa dawati la nyuma, na kwamba mpaka leo akiingia darasa lolote anaangalia dawati la nyuma kwanza. Watu walianza kufuta machozi, wa upande wa kulia. Wa kushoto walikuwa hawasikii. Wakaanza kulalamika. Dijei akaja kwenye spika yangu, akaigonga, akainama nyuma kutafuta waya. Nikamwambia kwa ishara aiache. Alidhani ninamwambia abandue ile gundi. Akaibandua.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuelewa, hivyo nikawa wa kwanza kukimbia.

Niliingia stoo ya vinywaji na watu wengine kama kumi na watano, tukafunga mlango. Dirishani niliona turubai langu la katikati limekuwa jeusi kwa nyuki. Viti vimelala. Wageni wametawanyika mpaka barabarani, wengine wameingia kisimani kwa jirani, kisima cha kina kifupi kwa bahati. Mama mkwe hakuondoka. Alijifunika kanga gubigubi na kukaa kimya kwenye kiti chake, peke yake katikati ya viti mia mbili.

Na Bujiku alikuwa chini. Ana goti bovu, hawezi kukimbia. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na kipaza sauti, mikono kichwani, na nyuki juu yake.

Nilisubiri mtu mwingine aende. Nilisubiri kwa muda ambao sitauandika. Kila mtu mle ndani alikuwa anasubiri vilevile. Kisha nikaona kwamba pembeni yangu kulikuwa na turubai la akiba, limekunjwa, na kwamba ni langu, na spika ni yangu, na nta iliyokuwa ndani ya spika ni yangu pia. Nta hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka dakika ile. Nikatoka.

Sikumbuki kuumwa. Nakumbuka kulivuta turubai, zito, halafu nikalitupa juu yake na mimi nikaingia chini. Nikaziba kingo kwa magoti. Mle ndani palikuwa na joto na harufu ya vumbi la harusi za zamani. Uso wa Bujiku ulikuwa umeanza kuvimba, jicho moja limeshafunga. Alikuwa anapumua kwa shida. Nikamwambia atulie, watu wanakuja. Tukakaa.

"Mwandu," akasema baada ya muda. "Ile sauti ndani ya mzinga ilikuwa yangu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliingia kwenye mahindi yangu."

"Niliingia."

Akatafuta pumzi.

"Kwa hiyo nyuki hukuwa nao."

"Sikuwa nao," nikasema. "Sasa ninao."

Mwili wake ukaanza kutetemeka. Niliogopa, nikadhani ndiyo mwisho. Alikuwa anacheka.

Aliyetuokoa ni Veronica. Alikuja na bomba lake la moshi lililojaa mavi makavu ya ng'ombe, bila kukimbia, anatembea kama mtu anayekwenda kukamua. Nyuma yake alikuwa Elizabeth, aliyempigia simu, kajifunga kanga kichwani, ameshika bomba la pili. Wakafukiza pole pole mpaka nyuki wakaanza kurudi ndani ya spika, na Veronica akaziba tundu kwa tambara. Kisha tukampakia Bujiku kwenye guta na kwenda hospitali. Nilimshika kichwa njia nzima. Daktari alisema nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine.

Amelazwa. Leo nimekwenda kumwona. Mama Sayi alipokea machungwa niliyopeleka, mimi hakunisalimia. Nilimwomba Bujiku msamaha mbele ya wagonjwa wote wa wodi, kwa sauti, kama Elizabeth alivyoniagiza. Bujiku hakuwa anaona, macho yote yamefunga. Akauliza ni nani huyo anaongea. Mama Sayi akamwambia ni mwenye spika.

Sendofu ilimaliziwa jana hiyohiyo kwenye ukumbi wa shule, bila muziki. Wanasema ilikuwa nzuri. Sayi alimalizia hotuba ya baba yake mwenyewe.

Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa sebuleni, hana hata alama moja. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bhabha," akaniambia mimi, siyo Elizabeth, "lile boksi lilikuwa linalia tangu nimefika."

Kisha akaangalia ukuta, tukarudi kwenye utaratibu wetu.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mkutano wa kikundi. Nilikaa nyuma.

Kwanza habari za nyuki. Veronica na Elizabeth waliwahamisha kutoka kwenye spika wiki iliyopita, na sasa wako kwenye mzinga huko ngitili. Elizabeth alikata masega na kuyafunga kwenye fito moja moja, na hakuumwa. Nilimwuliza alijifunza wapi. Alisema kwa baba yake, mizinga kumi na moja, kila mtu kwao alijifunza. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema sikumwuliza.

Afisa nyuki alikuja, akazunguka mizinga yote. Kundi bora lilikuwa la Bujiku, kama kila mtu alivyojua. Nilijiandaa kupiga makofi.

Bujiku akasimama. Uso umerudi, mwembamba kidogo. Akasema hatakwenda Tabora. Daktari amemkataza kusogelea nyuki maisha yake yote, maana mwili wake haustahimili tena, na kuumwa kidogo tu kunaweza kummaliza. Alilisema kama anasoma muhtasari. Akaongeza kwamba asubuhi huwa anakwenda kusimama mwisho wa mahindi, kwa mbali, anawasikiliza. Kisha akasema kundi lake analikabidhi kwa Elizabeth, na kwamba kama katibu anapendekeza Elizabeth ndiye aende Tabora.

Watu wote wakainua mikono. Na mimi nikainua, japo mkono ulikuwa mzito. Siyo kwa sababu ya Tabora. Nilikuwa ninamwangalia Bujiku akirudi kukaa, anashika kiti kwanza ndipo anakaa, na nikatamani mtu anitukane. Hakuna aliyenitukana.

Veronica alisema msimu huu sitapewa mzinga. Nitachota maji ya beseni la nyuki. Akasema pia, kwa upole, kwamba kuna mifugo mitulivu zaidi duniani.

Jumapili, 25 Mei 2025

Elizabeth yuko Tabora tangu Jumatano. Amepiga simu, anasema wanafundishwa mambo anayoyajua lakini kwa picha.

Nimekaa na kutafakari kwa uaminifu yote yaliyotokea tangu mwezi wa tatu. Nimejifunza. Tatizo lilikuwa nyuki. Ni viumbe wenye kelele, wanaokwenda wanakotaka, na wana ushahidi wa miiba. Mtu kama mimi anahitaji mfugo unaokaa kimya mahali ulipowekwa.

Leo baada ya misa nimejiunga na kikundi cha wafuga samaki. Watu wazuri, wapya kwangu, hawana habari zangu nyingi. Walizunguka wakiulizana nani ana bwawa na nani hana, kwa sababu afisa wa samaki ataanza na wenye mabwawa, na mmoja wao atapelekwa Mwanza kwenye semina ya ziwani. Nilikuwa nimekusudia kusema ukweli. Nikasema ninalo, kubwa, lina sato.

Katibu wao, dada mmoja anaitwa Masunga, mwandishi wa haraka, akauliza wangapi. Nikasema sijawahesabu kwa sababu hawatulii. Ameandika: "Ndugu Mwandu, sato wengi."

Wanakuja kuliona Jumatano. Nimepima sehemu ya nyuma, pale kwenye matuta ya viazi ya Elizabeth. Udongo ni laini, na yeye harudi mpaka Jumamosi. Nimeanza kuchimba saa tisa. Mpaka sasa limefika magotini.